Mgonjwa Niliyempeleka Kuona Vyungu

Sisi Wakenya tunaoishi Minnesota tuna desturi moja ambayo mashirika ya ndege lazima yameshaishtukia. Mzazi akija kututembelea, hata kama juzi tu alikuwa anapasua kuni, tunamwombea kiti cha magurudumu. Kutembea anaweza. Shida ni kwamba anabadilisha ndege Ulaya, katika kiwanja kikubwa kuliko mji wetu, Kiingereza chake ni cha kuungaunga, na mtu wa kusukuma kiti ndiye pekee tunayemwamini kwamba hatampoteza. Kwa hiyo kwenye makaratasi wazazi wetu wote hawawezi kutembea, na wote hupona papo hapo wakituona mlangoni.

Mama yangu hakungoja kufika mlangoni. Siku aliyoingia, mwezi wa kumi, nilimwona akija kwa miguu yake, mgongo umenyooka, kanga kiunoni juu ya suruali nzito niliyomtumia, na nyuma yake mfanyakazi wa uwanja anasukuma kiti kilichokaliwa na kikapu. Hatujakumbatiana, ameshaanza kulalamika.

"Tangu huko tulikobadilishia ndege wananifukuza na hiki kigari. Nimewaambia, kama ni lazima kitu kisukumwe, sukumeni kikapu. Nani aliwaambia mimi ni mgonjwa?"

"Ni mimi, Mama. Nilitaka usipotee."

"Usirudie," akasema, kisha akacheka, akanishika mashavu kwa ile mikono yake.

Ile mikono lazima niieleze. Mama ni mfinyanzi. Alizaliwa upande wa Tanzania, Upareni, ambako kufinyanga ni kazi ya wanawake, akaolewa upande wetu wa mpaka, Taveta, akaja na kazi yake. Kwa karibu miaka hamsini ameponda udongo, ameukanda, ameupandisha kuwa kuta kwa vidole tu, bila mashine. Vidole gumba vyake vimebapa, na kucha zina mstari mwekundu usiotoka kwa sabuni yoyote. Vyungu alivipanga kando ya barabara ya kwenda Voi, akawauzia wenye mikahawa, wenye harusi, na watalii waliokuwa wakielekea mbugani. Kiingereza alikiokota kwa hao watalii. Hakisemi sana, lakini anakisikia kuliko anavyoonyesha, na hilo nalo ni la biashara.

Mnunuzi anayejua vyungu haangalii tu. Anakigonga chungu kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasikiliza. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hukohoa. Mama alikuwa akigonga kila chungu mbele ya mteja, na kilichokohoa alikiweka pembeni mwenyewe bila kuulizwa. Mimi nilipokuwa mdogo nikiugua kifua, alinigonga vivyo hivyo hapa juu ya moyo, kwa mzaha, akasikiliza, akatangaza kama nimepona au bado.

Sasa nije kwenye aibu yangu, ambayo ni ya zamani kuliko safari ya Amerika. Nilipoingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, sanduku langu lilinuka moshi. Kila kitu nyumbani kwetu kilinuka moshi, kwa sababu vyungu vilikauka jikoni na kuchomwa uani. Msichana wa kitanda cha juu akauliza kama kwetu tunakausha samaki. Bweni zima likacheka. Waliponiuliza mama yako anafanya kazi gani, nikasema mwalimu. Lilinitoka lenyewe, likakaa vizuri, na sikulirudisha tena.

Nilipofika huku uongo wangu nao ukapandishwa cheo. Mama akawa mwalimu mkuu mstaafu. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa mtu mzima, nina leseni yangu ya uuguzi, nina nyumba ya kupanga Oakdale yenye vyumba viwili na gari linalowaka hata kwenye baridi. Hakuna aliyekuwa akinusa sanduku langu. Lakini ukishazoea kujikinga na kicheko, unaendelea kujikinga hata pasipo na anayecheka.

Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, Saint Paul. Miongoni mwa wazee wangu alikuwepo bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, mpole, aliyekuwa hakumbuki tena jina la mtu yeyote. Binti yake, naye mstaafu, alikuja kumwona karibu kila siku. Huyo binti alikuwa mwanamke mwema, sina la kumsema. Aliniletea biskuti. Aliniuliza habari za kwetu na kusubiri nimalize kujibu, jambo ambalo huku si la kawaida. Kila Alhamisi alijitolea kuwaongoza wageni katika jumba la makumbusho ya sanaa, Minneapolis. Nilipomwambia mama yangu amekuja kunitembelea, akafurahi kama vile amekuja kwake.

"Mlete makumbusho," akasema. "Tuna ukumbi wa vitu vya watu wa kale wa bara hili, kabla Wazungu hawajavuka bahari. Vyungu vya Mexico, vya Peru, vya huku huku. Mwalimu mkuu atapenda sana."

Nikasema tutakuja, kwa ile sauti ya kusema tutakuja. Nilikuwa na hakika kwamba hilo halitatokea.

Kisha ikaja Januari, na Mama akaanza kunikondea. Mchana kutwa alikuwa peke yake ndani, maana mume wangu kazini, mimi kazini, binti yangu shuleni. Alisimama dirishani akitazama maegesho ya magari. Siku moja aliniuliza udongo wa huku uko wapi. Nikamwambia uko chini ya theluji, umeganda, hata jembe haliingii. Akasema, "Maskini," na sikujua anausikitikia udongo au wenyeji wa nchi au yeye mwenyewe. Niliona nikimweka ndani hivyo atarudi nyumbani kabla ya wakati. Nikakumbuka vile vyungu.

Lakini tazama nilivyofanya, maana hapa ndipo mtu anapojijua. Yule mwanamke alikuwa ameniambia anakwenda Arizona kuota jua kwa wiki mbili. Nikachagua kwenda wakati huo. Sikujiambia kwamba ninamficha Mama. Nilijiambia nimepata nafasi, kwa kuwa nilitoka kazini saa saba mchana. Nikampitia nyumbani, sikubadilisha hata sare, nikavaa koti juu yake, tukaondoka.

Mama alikuwa amevaa buti za theluji za mume wangu, koti langu la zamani na kanga yake. Ndani ya jumba lile kuna joto, kwa hiyo tukavua makoti mlangoni. Hapo ndipo tulipobaki tulivyobaki: mimi kwenye sare ya bluu, kitambulisho shingoni, na yeye kwenye sweta, kanga na buti za mwanamume.

Ukumbi wenyewe haukuwa mkubwa. Taa zilikuwa chini chini, zikimulika vyungu tu. Mama alisimama mlangoni kama mtu aliyefika ugenini akakuta jamaa zake wote wameshakaa.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya watu waliokuwa huku kabla ya Wazungu."

"Wako wapi?"

"Wengine wapo. Wengine walimalizwa."

Akaingia. Miezi mitatu sikuwa nimemwona akitembea hivyo. Alikwenda kwa kila kabati la kioo, akainama, akasema na vilivyomo. Mbwa mnene wa udongo mwekundu alimchekesha. Akanionyesha palipong'arishwa kwa kijiwe, akanionyesha mfinyanzi alipochoka akaharakisha mdomo wa chungu. Kulikuwa na mtungi wenye mahindi yaliyofinyangwa pembeni, punje kwa punje. Nikamsomea maandishi: kwamba mahindi yenyewe asili yake ni kwa hawa watu, kwetu yaliletwa baadaye. Hakuamini. Akanifanya nisome tena. Maisha yake yote amekuwa akitia nakshi shingoni mwa vyungu kwa kuviringisha gunzi la mahindi.

"Basi hata gunzi langu ni lao," akasema. "Na hakuna aliyeniambia nishukuru."

Nilifurahi. Ninataka hilo lijulikane, kwamba kwa robo saa nilifurahi na nilikuwa mtoto wa mfinyanzi. Kisha akalala chini.

Alilala chali, kichwa chini ya kabati la kioo la miguu mirefu, kwa sababu bakuli alilolitaka lilikuwa juu ya rafu ya kioo, na chungu hukijui mpaka umeona kitako chake. Watu wawili waliokuwa ukumbini wakageuka. Nikamwambia kwa sauti ya chini, inuka, Mama, watu wanatuangalia.

"Waangalie nao," akasema kutoka sakafuni. "Njoo uone. Ameacha kidole chake. Gumba dogo. Mwanamke huyu, na alikuwa bado msichana."

Sikuinama. Laiti ningeinama. Nilisimama pale nikiangalia mlango, kama mlinzi, mpaka alipojiinua mwenyewe akishika ukingo wa kabati.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mtungi mkubwa, unafika kiunoni mwa mtu, umewekwa juu ya jukwaa fupi bila kioo, na mstari sakafuni wa kukuonya usisogee. Mama aliuvuka mstari kama anavyovuka kizingiti cha jikoni kwake. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaugonga. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole, polepole, kichwa ameinamisha.

Mtungi ulikohoa. Kisha king'ora kidogo kikaanza kulia juu ya vichwa vyetu.

Mlinzi akaja haraka, mzee mwenye sura ya upole, mikono ameitanguliza. Na mlangoni, wakati huo huo, likaingia kundi la wageni kama wanane, na mbele yao yule mwanamke wangu wa biskuti, beji kifuani. Nilikuwa nimekosea kuhesabu. Arizona ilikuwa wiki inayofuata.

Aliniona mimi kwanza. Uso ukamchanua. Kisha akamwona Mama: buti, kanga iliyolegea, vumbi la sakafu mgongoni, kidole bado kimekunjwa hewani. Akaja na mikono yote miwili mbele, tayari kusalimia, akauliza kwa Kiingereza, kwa furaha ya kweli:

"Huyu ndiye mama yako?"

Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka muda uliopita kabla ya jibu, ili niseme angalau nilisita. Sikusita.

"Hapana," nikasema. "Huyu ni mgonjwa wangu. Mama hakujisikia vizuri leo, amebaki nyumbani."

Uongo ule ulifanya kazi vizuri mno, na ndiyo maana ninauchukia. Sare yangu iliuunga mkono. Mlinzi akashusha mikono, akatabasamu kwa huruma, akazima king'ora, akasema hakuna neno, hutokea. Wale wageni wakalegea. Mambo yote ambayo yangekuwa aibu kwa mwalimu mkuu, kulala sakafuni, kugonga mali ya watu, yakawa sawa kabisa kwa mgonjwa. Mwanamke yule akashusha sauti, akaniuliza mbele ya Mama, juu ya kichwa cha Mama, kama tunavyofanya kazini kila siku:

"Maskini. Anajua yuko wapi?"

"Siku nyingine anajua," nikasema.

Neno la mgonjwa Mama analijua kwa Kiingereza. Limechapishwa kwenye kadi yake ya kliniki ya presha. Na neno la mama, nani asiyelijua? Aliniangalia mara moja. Sikuona hasira. Aliniangalia kama anavyoangalia chungu kilichotoka motoni, bado hajakigusa. Kisha akageukia ule mtungi, akanyoosha kidole, akasema kwa Kiswahili, wazi, kama mwalimu:

"Kimevunjika hiki. Kimegangwa. Hapa shingoni, na hapa chini. Aliyekiganga ni fundi, lakini sauti haifichiki."

Mwanamume mmoja wa lile kundi akauliza, bibi anasema nini?

Mlango wa pili huo. Mungu alinifungulia mlango wa pili palepale, dakika haijaisha. Ningeweza kutafsiri tu, neno kwa neno, na kila mtu mle ndani angejua kwamba aliyesimama mbele yao ni bingwa.

"Anauliza choo kiko wapi," nikasema.

Wakatupisha. Yule mwanamke akatuonyesha njia yeye mwenyewe, akiongea na Mama kwa sauti kubwa na ya polepole, na nyuma yetu nikamsikia akirudi kwa kundi lake, akianza kueleza kwamba mtungi huu uliokotwa ukiwa vipande, ukaunganishwa kwa ustadi kiasi kwamba viungo havionekani kwa macho. Mtu akashangaa kwa sauti. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama aliingia chooni. Hakuwa na haja. Nilimngoja nje, nikisikia maji yakifunguliwa na kufungwa. Alipotoka akanipa kiwiko chake nimshike, kama wazee wa kazini kwangu wanavyofanya. Mwanamke huyu aliyewahi kubeba vyungu sita kichwani kutoka bondeni akatembea taratibu, hatua fupi fupi, akiniegemea, mpaka kwenye makoti, mpaka nje, mpaka kwenye gari. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akajifungulia wa nyuma, akaingia, akajifunga mkanda. Tulirudi hadi Oakdale hivyo, mimi mbele peke yangu, macho yake nayaona kwenye kioo, yanatazama theluji. Sikuwasha redio.

Usiku ule nilimpa vidonge vyake vya presha kama kawaida.

"Asante, sista," akasema.

Kwetu muuguzi huitwa sista. Mimi hajawahi kuniita hivyo. Asubuhi tena, asante sista. Binti yangu akacheka, akauliza kwa Kiingereza kwa nini Bibi anakuita sista, na Mama akamjibu, "Kwa sababu ananitunza." Alisema bila kejeli, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. Angenipigia kelele ningejitetea. Mimi ni hodari wa kujitetea, muulize mume wangu. Lakini Mama hakunipa pa kushika. Aliomba ruhusa ya kuoga. Akaketi pale nilipomkalisha.

Siku ya nne nilishindwa. Nilipika chai ya maziwa na tangawizi kama anavyoipenda, nikaketi karibu naye, nikaanza. Nikasema nilishtuka. Nikasema yule mwanamke nilishamwambia kitu, sikujua nifanyeje. Nikasema nisamehe. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Unakumbuka siku ya wazazi, ulipokuwa kidato cha kwanza?"

Nilikumbuka. Alikuja amevaa viatu vya kuchuchumia vya jirani, mkoba, ananukia sabuni. Nilishukuru kimoyomoyo, na sikuwahi kuuliza.

"Nilipofika getini mwalimu wa zamu akaniambia, karibu, mwalimu mwenzetu. Nikajua. Nikamwambia asante. Akaniuliza nafundisha darasa gani, nikamwambia la tatu, kwa sababu ndilo nililoishia. Usiku wa kuamkia siku ile nilijisugua kwa ndimu mpaka ngozi ikawasha, moshi utoke. Nikasema, mtoto anaona haya. Atakua."

Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Miaka zaidi ya thelathini nilidhani uongo ule ni wangu peke yangu, kumbe alikuwa akiubeba upande mmoja.

"Ule ualimu niliuvaa," Mama akasema. "Ulinibana, lakini niliuvaa. Mwalimu ni mtu mwenye akili. Lakini huu ugonjwa, sista, haunienei."

Akamaliza chai. Akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Nilijiapiza kwamba nitamwambia yule mwanamke ukweli. Alirudi kutoka Arizona amebabuka pua, akaniuliza kwa upole, yule mgonjwa wako anaendeleaje? Nikasema ana nafuu. Wiki iliyofuata, vilevile. Mwezi wa tatu mama yake akafariki, kwa amani, mkono wake ukiwa katika mkono wangu. Binti akaja kukusanya vitu: picha, slipa, saa ya ukutani. Akanikumbatia kwenye korido, akalia begani kwangu, akasema hatanisahau. Kisha akasema, nisalimie mama yako, mwalimu mkuu, mwambie amelea binti mwema.

Ungemwambia mtu ukweli wakati huo? Mimi nilijiambia si wakati wake. Lakini nilijua vilevile kwamba hautakuwepo wakati mwingine. Nikasema asante, zitafika. Sijamwona tena.

Mwezi wa nne Mama alimaliza muda wake. Niliomba kiti cha magurudumu, kwa ile desturi yetu, nikijua atakikataa, tena nikitamani akikatae. Nilitoka kazini moja kwa moja, nikampitia, tukashuka hadi uwanja wa ndege, karibu na Bloomington. Kiti kililetwa na mama mmoja mtu mzima, mnene, mchangamfu, aliyetutambua kwa kanga. Mkongomani.

"Karibu, Mama. Ikala hapa, tutakupeleka pole pole."

Mama akaketi. Akaweka miguu yake miwili pale pa kuwekea miguu, akapakata kikapu, akanyamaza kama wazee wangu wanavyonyamaza wakingoja kupelekwa popote. Sikuwahi kumwona mdogo hivyo. Nilitaka kumshika mabega nimtikise, nimwambie nigombeze, sukuma kikapu, fanya chochote.

Tukafika mwanzo wa foleni ya ukaguzi, mahali ambapo wasindikizaji wanaishia. Yule mama akaangalia sare yangu, akaangalia kiti, akauliza tu, kama mtu anayetaka kujua ampe nani pole:

"Huyu mama, ni mama yako ao ni malade wako?"

Neno lilikuwa la Kifaransa, lakini nimewatunza wazee wa Kikongo, nilijua anauliza kama ni mgonjwa wangu. Na Mama naye, kwa jinsi alivyoacha kupumua, alijua.

"Ni mama yangu," nikasema. "Ndiye aliyenizaa. Si mgonjwa. Ni mfinyanzi, anafinyanga vyungu, na vyungu vyake ndivyo vilivyonisomesha mpaka nikavaa hii nguo."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Watu wa foleni wakageuka. Yule mama akasema, "Eh! Courage, Mama," akampigapiga Mama begani, hajui anapongeza nini. Na mimi, machozi yananitoka, nilijua fika kwamba nimelisema jambo rahisi: kwa mgeni, kwa Kiswahili, mahali ambapo haligharimu chochote. Yule niliyepaswa kumwambia, sikumwambia.

Mama akateremsha mguu mmoja, na wa pili. Akasimama. Akachukua kikapu akakikalisha kitini.

"Basi nimepona," akamwambia yule mama. "Sukuma hicho."

Akanigeukia. Nilidhani atanikumbatia. Akakunja kidole, akanigonga hapa juu ya moyo, kwenye sare, mara mbili, polepole, akainamisha kichwa, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akajifunga kanga vizuri, akaingia kwenye foleni na pasipoti yake mkononi, na kikapu kikamfuata nyuma.

Hakuniambia alichokisikia.